Maneno Matamu Yaliyomtoka Baba Masikioni

Thika ya utoto wangu ilinukia mananasi yanayochemshwa. Harufu ilitoka viwandani alfajiri, ikapita juu ya mabati ya ploti yetu, ikaingia kwenye blanketi na hata kwenye chai. Pamoja na harufu ulikuwapo mlio wa mitambo ya kufuma nguo, mchana kutwa usiku kucha, ambao sisi watoto wa Eneo la Viwanda hatukuusikia tena mpaka stima ipotee na kimya kitutie hofu. Baba alifanya kazi katikati ya mlio ule. Alikuwa mtu wa Kakamega, mpole, mrefu hadi kugonga kichwa mlangoni, na kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, aliniita Mama tangu nizaliwe.

Nilipokuwa darasa la nne baba alikuwa na uraibu mmoja tu: maneno ya Kiingereza. Maana yake hakuijali sana. Alitaka kusikia yanavyolia. Jumapili tukitoka kanisani alivuta kigoda mpaka mlangoni, nami nikaleta kamusi isiyo na jalada, tukaanza kuonja. Nilisoma neno, naye akafumba macho. Velvet. Mellow. Murmur. Akipendezwa alisugua mkono, vinyweleo vimesimama, akasema hilo linapapasa. Kiswahili, alinieleza, humaliza kila neno kinywa kikiwa wazi, lakini Kiingereza kinajua kufunga mlango polepole. Ukisema m, midomo inagusana kabla ya kuachana. Ukisema l, ulimi unalamba nyuma ya meno. S ni pumzi ya mtu aliyekusogelea sikioni, na ndiyo maana neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa whisper. Mama yangu, Mkikuyu wa Gatanga asiyeelewana na l wala r, siku moja alijaribu velvet akiwa ameshika mwiko. Baba akasema amelikwaruza, tukacheka sote watatu, na mama akatuambia Kiingereza chetu hakioshi sufuria.

Kisha mvua za masika zikaja, na Jumapili moja nikasema whisper. Baba alikuwa amefumba macho, anangoja. "Sema basi, Mama," akaniambia. Nilikuwa nimeshasema. Nikarudia, kisha nikarudia kwa nguvu, naye akatingisha kichwa kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua. Baada ya hapo silk ikapotea, na satin, na yote yaliyobebwa na pumzi. Yaling'oka kama meno ya mtoto, ila haya hayakuota mengine. Mellow ilibaki, na moon, na murmur. Mama alikuwa amemwambia miaka mingi azibe masikio akiwa kazini. Kiwanda kizima kilijaa pamba, lakini baba alisema pamba inawasha na wenzake watamcheka. Sikio la kufa halisikii dawa, mama alikuwa akisema, nami nilidhani anamsengenya tu.

Mwezi uliofuata kiwanda kikatangaza kwamba daktari atakuja kupima masikio ya wafumaji. Atasoma maneno ya Kiingereza, na kila mtu atarudia analosikia. Atakayeshindwa atatolewa kwenye ukumbi wa mitambo, na sote tulijua kwamba kutoka ukumbini ni kutoka getini. Baba hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala shamba la kurudia. Sikungoja kuombwa. Kila jioni baada ya chai nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yangu yakigusa yake, nikamsomea. Siku za kwanza alipata machache. Wiki ya pili yakawa mengi. Wiki ya tatu nikasema whisper bila kumwonya, kwa sauti ndogo kabisa, naye akanirudishia whisper, safi, na s yake. Nilikimbia jikoni kumwambia mama kwamba baba amepona. Yule mwanamke ambaye hakuwa na machozi ya karibu aliketi chini kwenye sakafu, akajifuta uso kwa leso.

Kuna jambo moja ambalo mtoto wa mfumaji alipaswa kulijua. Ndani ya ukumbi ule hakuna anayesikia mwenzake. Wafumaji huongea kwa midomo tu, toka mtambo hadi mtambo, na hutaniana, huchongeana na kupeana pole za msiba bila sauti hata kidogo. Baba alikuwa amekaa humo miaka kumi na minne. Zile Jumapili za zamani alikuwa akifumba macho. Zile jioni za mazoezi aliyafungua, akayakaza mdomoni kwangu, nami mjinga nikadhani ni bidii. Yeye mwenyewe hakujua, naapa hakujua, kwamba masikio yake yalikwisha kuhamia machoni.

Daktari alishika karatasi mbele ya mdomo. Ni hivyo tu. Baba alitusimulia jioni ile, kofia ingali kichwani, akiongea kwa sauti kubwa kuliko chumba. Alisema alimwomba daktari kwa heshima aishushe karatasi kidogo. Daktari akacheka kwa wema, akaandika.

"Ni mimi nilikukalia mbele," nikamwambia.

Aliangalia mdomo wangu mpaka nikamaliza. "Hapana, Mama. Mimi ndiye niliyependa kukuangalia."

Nililia mpaka nikatapika. Nimejiuliza maisha yangu yote ingekuwaje kama ningekaa nyuma ya mgongo wake, na jibu halibadiliki: tungejua mapema, basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Ijumaa alipewa barua ya kuachishwa kazi, na jioni ile hakuna aliyekunywa chai.

Leo nafundisha Kiingereza chuoni, Ruiru, na nyumba yangu iko Kahawa Sukari. Muhula huu wanafunzi waliniletea orodha waliyoitoa kwenye simu, ya maneno ya Kiingereza yanayosikika ya kimahaba, wakataka niseme kwa nini. Niliwaambia habari za midomo, ulimi na pumzi, kila kitu nilichofundishwa mlangoni pale. Nikaandika mellow ubaoni. "Madam, hilo si la mahaba, ni la kulaza mtoto," mmoja akasema, darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nalipwa mshahara kwa ajili ya sauti za maneno. Aliyenipa sauti hizo anaishi Murera, kwenye ploti niliyomnunulia, na hasikii hata mlango ukibamizwa. Sasa macho nayo yameingia ukungu, na madaktari wawili wamesema hayatarudi. Midomo ya watu haioni tena. Tunaelewana kwa kushikana mikono, na hayo si mazungumzo, mtu asinidanganye.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikimkata kucha. Akakitafuta kidevu changu kwa vidole, akakishika.

"Mama," akasema, "mimi ninakusikia bado, lakini uko darasa la nne. Sauti yako ya ukubwani ikoje?"

Nilimjibu. Nilimjibu kwa kirefu, karibu kabisa na sikio lake, naye akangoja, kisha akaniuliza tena.