Nyuki Ndani ya Mkulo

Nimefanya utafiti katika misitu ya Usambara tangu nimalize chuo, na mpaka leo naogopa kwenda juu. Watu wakiona picha zangu nikining'inia kwenye kamba katikati ya matawi, hudhani nilizaliwa jasiri. Nilizaliwa Gare, kwa wakulima, na hata ngazi ya kupandia darini nilikuwa naipanda nikiwa nimefumba macho kwa woga. Lakini nilitaka kujua ni ndege na wanyama gani wanaokula matunda ya mkulo, ule mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, na kupeleka mbegu zake mbali. Ukikaa chini huoni chochote ila majani na ukungu. Ikabidi nijifunze kupanda.

Nilifanya kazi na mlinzi wa msitu kutoka Mlola, mtu wa umri wa baba yangu. Aliniita mndee, kama Washambaa wanavyomwita binti. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha tukaikagua kamba pamoja, tukiipitisha mikononi kipande kwa kipande.

Siku hiyo baridi ilikuwa kali, nikajifunga mtandio shingoni. Nilipanda mkulo ambao hatukuwahi kuupanda. Nilipofika panda ya kwanza nikasikia mvumo, nikadhani ni pikipiki kule barabarani. Nikaegemeza kiganja kwenye shina nipumzike. Shina lilikuwa linatetemeka.

Wa kwanza aliniuma shavuni. Kabla sijapeleka mkono, wengine walishatoka kwenye tundu lililokuwa karibu na bega langu, wakanijaa usoni.

"Nyuki!" nikapiga ukelele.

"Usiwapige!" mlinzi akajibu kutoka chini. "Shuka! Shuka taratibu!"

Kiunoni nilikuwa na kifaa cha chuma ambacho kamba hupita ndani yake. Ukibana mpini, unateremka. Nikabana. Niliteremka kidogo tu, kisha nikasimama ghafla huku kichwa kikivutwa kuelekea kifuani. Ncha ya mtandio ilikuwa imeingia kwenye kifaa pamoja na kamba. Kila nilipojitingisha, kitambaa kilizidi kunikaba.

Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada. Nyuki walikuwa masikioni, puani, ndani ya kola. Jicho moja lilikuwa limeanza kujifumba kwa uvimbe. Nilimwita mama yangu kwa Kishambaa, kwa sauti, kama mtoto mdogo, ingawa nilijua yuko Gare anapalilia maharage.

Nilikuwa na kisu kidogo kwenye mkanda. Nilikitoa, nikasita. Kamba iliyobeba uzito wa mtu imekazwa mno. Makali yakiigusa tu inaweza kukatika. Na mtandio ulikuwa umelala juu yake kabisa.

Chini yangu nikasikia mlinzi akikohoa, kisha moshi ukaanza kupanda. Baadaye aliniambia alivunja njiti nyingi za kiberiti akihangaika kuwasha majani, na nyuki walikuwa wameshamfikia na yeye.

Moshi ulipowapunguza kidogo, nikageuza makali upande wa shingo yangu. Nilifikiri, afadhali nijikate mimi. Nikakata uzi kwa uzi, nikisikia ubaridi wa chuma chini ya kidevu. Kitambaa kikaachia. Nikaporomoka, roho ikanitoka, kisha kifaa kikashika. Kamba ilikuwa nzima.

Sikumbuki vizuri nilivyofika chini. Nakumbuka mlinzi akinifungua mkanda, akinishika mkono, tukikimbia bondeni mpaka tukaanguka kwenye shamba la kabichi la mtu. Nyuki walituacha huko. Alivua kofia yake. Kichwa kizima kilikuwa kimevimba. Akakaa chini, akalia.

"Nilikuwa nafikiria nitawaambia nini wazazi wako, mndee," akasema.

Tulipakizwa wote wawili kwenye bodaboda moja hadi zahanati, tukachomwa sindano. Kesho yake mama alikuja kunichukua. Alinitazama muda mrefu, akapapasa uso wangu kwa vidole vyenye udongo.

"Hiyo kazi ya juu waachie wenye mabawa," akasema.

Nikamtii kwa muda mrefu. Nilifanya kazi ya chini, nikipima miche inayoota kivulini, lakini hata nzi akipita sikioni nilikuwa natupa vifaa na kukimbia. Wenzangu walicheka mwanzoni, halafu wakaacha. Usingizini nilikuwa nahisi shingo inavutwa.

Siku niliyoamua kupanda tena, sikumwambia mama. Tulichagua mkulo mwingine, na mlinzi akauzunguka akiwa ameweka sikio kwenye gome, akapumzika, akauzunguka tena.

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Lakini tunaweza kurudi nyumbani, mndee. Hakuna atakayetuuliza."

"Safari hii ncha ya kamba iwe mikononi mwako," nikasema. "Nikikuita, nishushe."

Nilipanda nikitapika. Juu, hondohondo wawili, wale ndege wenye midomo mikubwa, wakatua kwenye tawi la jirani, wakaanza kumeza matunda moja baada ya jingine. Nilipaswa kupiga picha. Sikuweza kuachia kamba hata kwa kidole kimoja. Niliwatazama tu, meno yakigongana, mpaka waliporuka kuelekea bonde la pili.

"Nishushe, baba!" nikaita.

Akanishusha polepole. Miguu ilipogusa ardhi nilikaa pale pale kwenye majani mabichi, naye akakaa karibu nami, nikamwonyesha kwa kidole bonde ambako hondohondo walipeleka zile mbegu.