Ombi la Bi Jini

Enzi zetu, arusi ya kisiwani kwetu Amu haikuwa arusi mpaka jini atokee. Wanaume walikuwa na ngoma zao nje. Sisi wanawake na watoto tulijazana uani, tukinukia asumini na jasho, tukila mkate wa sinia mpaka vidole vinanata. Mara mlango wa chumba cha nyuma ukagongwa kwa ndani, na wadogo wakaanza kulia kabla ya wakati.

Aliyetoka alikuwa Bi Rukia, jirani yetu wa mtaa wa Langoni, uso umepakwa unga wa mchele, nywele za makumbi ya nazi, amevaa kanzu ya mumewe nyuma mbele. Alizunguka akinusa watu, kisha akajibwaga mbele ya mama wa bwana arusi. Huyo alipaswa kumwuliza anataka nini, kama waganga wanavyowauliza majini wa kweli. Jini alitaka jino la dhahabu, au mume asiyekoroma. Akiambiwa "Nimekupa," alitoka mbio, na arusi ikaendelea.

Bi Rukia alianza mchezo huo kabla sijazaliwa, hata jina lake likapotea. Akija kuomba kaa la moto, watu walicheka kabla hajafungua kinywa. Mama alinionya, "Ukimwita Bi Jini ndiani, nitakupa kofi." Nilimwita vivyo hivyo njiani.

Nilipokuwa na miaka kama minane akaolewa binti yake wa pekee, Esha. Desturi yetu binti hatoki kwao. Mume ndiye huingia kwa mkewe. Lakini bwana arusi alikuwa wa Chundwa, kisiwa kingine, ana shamba la babake, na wanaume walikwisha kukubaliana Esha apelekwe huko. Bi Rukia hakuulizwa. Wageni walipomtaka acheze hata katika arusi ya mwanawe, alikubali upesi.

Akajibwaga mbele ya Bi Salama, mama wa bwana arusi.

"Wataka nini, ewe jini?"

"Nataka mwanangu asitolewe Amu."

Ua mzima ukaangua kicheko. Jini ana mwana! Bi Rukia akavua makumbi, akajipangusa unga kwa kiganja. "Sitezi. Ni mimi." Tukacheka zaidi, maana mchezo huo ulikuwa mpya. Bi Salama, mbavu hana, akasema, "Nimekupa!"

Siku ya saba mashua ya Chundwa ikaja. Bi Rukia alimshika Bi Salama mkono pale gatini. "Nalikuomba, ukasema umenipa."

Bi Salama hakuwa mtu mbaya. Alimjibu kwa upole, "Nalimpa jini, Bi Rukia. Ule ni mtezo." Esha akapanda.

Bi Rukia aliendelea kucheza miaka mingi, kwani kila arusi walimjia. Akiulizwa anataka nini, alisema halua, akapewa.

Siku hizi arusi huisha kwa siku moja, na binti huchukuliwa hadi Mombasa bila mtu kunung'unika. Wajukuu zangu, wanaocheka peke yao mbele ya redio, huniambia enzi zetu hatukuwa na burudani. Nawajibu kwamba tulicheka kuliko wao, na ni kweli. Siwaambii kwamba siku ile nilikaa ubavuni mwa Esha, nikamwona analia chini ya shela yake, na nikaendelea kucheka.