Vocals za dada yangu zilivyochelewa kwenye biti ya harusi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi kwa kawaida husoma tu na kupita. Leo nina langu, nami nitalisema lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina studio ndogo Ukunda. Chumba kimoja, magodoro ukutani, kompyuta na maikrofoni moja. Kazi zangu nyingi ni kaswida, nyimbo za harusi na matangazo ya maduka.

Mwaka huu mdogo wangu Riziki aliposwa na kijana wa Msambweni. Sisi kwetu ni Mwabungo, na harusi ya nyumba yetu haijawahi kupita bila dada yetu mkubwa, Mwanasiti, kuimba. Ni yeye aliyenifanya nipende mambo haya ya kurekodi.

Lakini Mwanasiti yuko Uarabuni, kazi za nyumbani. Huu mwaka wa nne. Aliomba ruhusa ya kuja, akanyimwa.

Akanipigia simu. "Mimi sitakuja, lakini sauti yangu itakuja. Nitumie biti nikaimbie kwenye simu."

Nikamtumia ile biti, muziki mtupu usio na mwimbaji. Baada ya siku tatu akanirudishia vocals, yaani sauti yake peke yake. Alirekodia chumba cha kufulia nguo, mwajiri wake akiwa ametoka.

Wakuu, nilipoifungua ile faili niliurudia mwanzo wake mara tatu. Kabla ya kuimba alikohoa kidogo, vile anavyokohoa akiwa jikoni kwetu. Miaka minne nimemsikia kwa simu za haraka haraka, maneno mawili matatu na kwaheri. Hapa alikuwa ametulia, kana kwamba ameketi nyuma yangu.

Nikaziweka vocals juu ya biti. Zimechelewa.

Nikampigia. "Shikamoo dada. Biti ulikuwa ukiisikiliza kwa kifaa gani?"

"Marahaba. Kwa zile earphone zisizo na waya."

Hapo nikaelewa nusu ya tatizo. Earphone za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo. Biti inamfikia sikioni imechelewa, naye anaimba kwa kufuata alichosikia, basi kila neno linachelewa kwa kiasi kilekile. Dawa yake ni rahisi: unaivuta sauti yote ianze mapema kidogo, mara moja, kwisha.

Nikavuta. Maneno ya mwanzo yakakaa sawa. Lakini kufika kiitikio alikuwa ameanza kubaki nyuma, na ubeti wa pili ukawa vurugu tupu.

Basi nikaanza kukata. Neno moja moja, wakuu. Nakata, nasogeza kwenye grid, ile mistari ya mapigo kwenye skrini, nakata, nasogeza. Siku mbili nzima. Mwisho kila neno likaangukia mahali pake.

Mama alikuwa amekuja Ukunda kununua vitambaa, akapita studio. Nikampigia ule wimbo.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nani huyu?"

"Si ndiye Mwanasiti, mama!"

"Sauti ni yake," akasema. "Anayeimba simjui."

Akachukua mfuko wake, akaondoka. Hata mimi nilikuwa nimelisikia hilo nikajifanya sijasikia.

Kesho yake nikamwita Otieno, rafiki yangu anayepiga kinanda kwenye hoteli moja Diani. Hakugusa hata moja ya zile cuts zangu, vile vipande nilivyokata.

"Bro, nipee ile beat ulimtumia yeye. Hiyo yenyewe, si hii iko kwa computer."

Nikaitafuta kwenye simu. Akaiweka pamoja na vocals za mwanzo, akazivuta zianze mapema kidogo, akabonyeza play. Zikaenda pamoja kama mtu na kivuli chake.

"Ulibadilisha tempo, manze."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Nilipokuwa nikingoja vocals, Riziki aliomba biti ichangamke kidogo watu wacheze. Nikapandisha tempo, yaani kasi, kutoka mapigo 92 kwa dakika hadi 95, nikasahau. Dada alikuwa ameimba sawasawa. Sisi huku ndio tuliokwenda mbio bila kumwambia.

Nikarudisha 92, nikatupa kazi yote ya siku mbili.

Pakabaki mahali pamoja tu. Ubeti wa tatu, pale wimbo unapomtaja mama akimpamba bintiye, Mwanasiti alinyamaza. Kimya cha mizunguko miwili ya ngoma, kisha akaendelea kuimba. Kwenye cuts zangu nilikuwa nimekiziba kimya hicho bila kujiuliza ni cha nini. Nikampigia.

"Nilishindwa, mdogo wangu. Nilifika pale pa mama nikamkumbuka mno. Wewe kata tu, unganisha."

Sikukata. Nilikopi ngoma peke yake nikairefusha biti hapo, ili imngoje mpaka awe tayari.

Siku ya hina, alasiri, wimbo ukapigwa uani kwetu. Wanawake walicheza, vigelegele juu. Ukafika ule ubeti wa tatu, Mwanasiti akanyamaza, ngoma ikabaki yenyewe.

Mama akauchukua ule mstari wa mama na bintiye akauimba. Hakuna aliyempanga. Aliimba akiwa ameshika mkono wa Riziki wenye hina mbichi, na alipomaliza, Mwanasiti akaingia kwenye spika. Riziki alilia mpaka kungwi akamkaripia asiharibu hina.

Shangazi alikuwa amerekodi kwa simu. Nikamtumia dada, nikijua atafurahi.

Kisha ikaja voice note fupi: "Sauti ya mama imezeeka. Mbona hamkuniambia?"



Nilichojifunza, kwa wenzangu wa studio: mtu wako wa mbali akituma vocals, hifadhi biti ileile uliyomtumia, na uandike tempo kwenye jina la faili. Mwambie atumie earphone za waya. Vocals zikichelewa, kagua kwanza tempo ya mradi wako kwenye kompyuta kabla ya kumlaumu mwimbaji. Na kimya kirefu usikizibe hadi umuulize mwenyewe.

Kama kuna mwenye njia bora ya kurekodi na mtu aliye ng'ambo, aniandikie hapa chini. Na kama nawe una ndugu huko mbali, niambie: nyinyi mambo ya nyumbani huwa mnawaambia yote?