Siku Tatu Kabla ya Kiapo

Mume wangu aliposhinda udiwani, watu walimbeba mabegani kutoka kituo cha kura hadi mlangoni petu mtaani Kilimani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sisi tulikuwa watu wa pwani, naye aliuza vitambaa katika duka dogo mjini, karibu na msikiti. Waliompa ushindi ni vibarua na wafua nguo kutoka magharibi ya nchi, waliojenga vibanda bondeni nyuma ya mtaa wa Muthangari. Aliwaahidi kwamba hakuna atakayewafukuza pale kabla ya kupewa mahali pengine.

Kiapo kilikuwa Jumatatu. Ijumaa, tumetoka tu kula, mama mmoja wa bondeni aliingia kwetu bila kupiga hodi. Alikuwa akifua nguo katika nyumba za matajiri wa Spring Valley, na povu la sabuni lilikuwa bado limemkaukia mikononi.

"Mheshimiwa, wametia rangi nyekundu kwa milango zetu zote. Kesho wanabomoa."

"Nani hao?"

"Watu wa huyo tajiri amenunua hilo shamba tunakaa. Na msichana wangu amejifungua juzi, hata kusimama hawezi. Si tulikupea kura?"

Mume wangu aliondoka na kandambili miguuni. Nilimfuata. Katika ofisi za baraza, karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga kalamu yake.

"Mzee, diwani wa zamani amekwisha kuondoka. Wewe hujaingia. Kwa sasa mtaa ule hauna diwani."

"Mimi nipo hapa mbele yako."

"Uapishwe kwanza. Nikikuandikia barua ya kuwazuia leo, nitaiandika kwa cheo gani?"

Tulizunguka ofisi nyingine mpaka zikafungwa. Katika kila mlango alipongezwa, akapewa mkono, akaambiwa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi tulikuta tingatinga limeshashuka bondeni. Mvua ilikuwa ikinyunya. Mume wangu alisimama mlangoni pa yule mama, akatanua mikono kushika miimo yote miwili.

"Wewe ni nani?" msimamizi wa wabomoaji akauliza.

"Mimi ndiye diwani wa hapa."

"Umeapa?"

Hakuweza kudanganya. Msimamizi aliashiria kwa kichwa, na vijana wawili wakamwinua mume wangu kwa upole kabisa, kama watu wanaohamisha kiti, wakamweka kwenye majani. Laiti wangempiga. Mimi na wanawake wengine tulimtoa yule msichana akiwa amelala juu ya godoro lake, kichanga kifuani, na hatukuwa tumefika barabarani niliposikia mabati yakilia nyuma yetu.

Yule mama alimwendea mume wangu pale alipokaa.

"Sasa wewe ni nani kwetu?" akamuuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua.

 

Tuliwalaza wengi kadiri nyumba ilivyowatosha, wengine wakaenda kanisani. Jumapili yule mama na bintiye walipanda basi kurudi kwao. Nilimfunga mtoto kwa kanga yangu, kwa sababu nguo zake zote zilikuwa zimebaki chini ya udongo.

Jumatatu mume wangu aliapa. Nilikaa nyuma ukumbini na sikusikia hata neno moja la kiapo chake.  Watu walipiga makofi. Tukitoka aliniambia twende bondeni. Huko kulikuwa na fito, matope, na mzee mmoja aliyekuwa akihangaika kuchomoa bati lililokunjika.

"Hongera, mheshimiwa," mzee akasema, naye alisema kwa moyo mweupe. "Nishikie upande ule."

Mume wangu alivua koti jipya, akanipa, akaingia kwenye matope kushika.