Viza Isiyoshikika Mkononi: Msusi wa Rukanga na Safari ya Kumkanda Bintiye

Simu imelazwa katikati ya mkeka, uso juu, kama mgonjwa anayengoja daktari. Wanawake watatu wameizunguka. Hakuna anayeigusa.

Ni Alhamisi asubuhi kijijini Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na ukungu bado umekalia kilele. Nyumbani kwa Tryphena Mghoi, mwenye umri wa miaka 59, mafungu ya katani yametundikwa kwenye kamba ya nguo, mengine meupe, mengine yakitona maji ya rangi ya magome. Siku nyingine saa kama hizi mikono ingekuwa kazini. Leo imetulia mapajani.

Rita Wakesho, katibu wa kikundi chao cha kusuka vikapu, anausoma ujumbe kwa Kiingereza, kisha anautia Kiswahili. Ombi la viza la Tryphena limekubaliwa. Hakuna stika itakayobandikwa kwenye pasipoti, ruhusa yenyewe iko mtandaoni. Abonyeze hapa kuthibitisha namba ya pasipoti yake mpya kabla ya Jumamosi, la sivyo ombi litafutwa.

"Hapo penye 'bonyeza hapa'," asema Kavinya, msusi mkongwe kuliko wote, "ndipo mwizi huketi."

Tryphena anasubiri wenzake waamue. Kwa sheria ya kikundi, mwenye simu hana kura.

Binti yake wa pekee, Everlyne, anaishi ng'ambo na mumewe Muinde kwa mwaka wa saba sasa. Nchi yenyewe ina jina, lakini Tryphena huiita tu "huko kwa Everlyne". Everlyne ana mimba ya kwanza. Madaktari wamemwambia alale asisimame sana, na Muinde hufanya kazi ya zamu, leo usiku, kesho mchana. Mtoto anatarajiwa mwisho wa mwezi huu.

"Mimi nilipojifungua huyo Everlyne, mama yangu alikuja na kuni zake kichwani," asimulia Tryphena. "Alinikanda kwa maji moto mpaka nikalia. Uji alinipikia, mtoto akampakata ili nilale. Sasa Everlyne atakandwa na nani? Mashine?"

Tryphena alianza kusokota katani akiwa darasa la tatu. Uzi husokotwa juu ya paja, kwa kiganja kilicholoweshwa, na ukimwangalia paja lake la kulia utaona ngozi imelainika ikang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Kikapu kikubwa humchukua karibu wiki tatu, katikati ya kupalilia mahindi na kuchota maji. Mnunuzi akija mwenyewe hutoa shilingi 1,500. Akija wakala, ni chini ya hapo, na maneno mengi juu yake.

Ile sheria ya kusomeana ujumbe ilitokana na maneno mengi kama hayo. Miaka miwili iliyopita mnunuzi mmoja aliagiza vikapu kwa simu, akatuma ujumbe wa pesa uliofanana kabisa na wa kweli, gari likaja likabeba kazi ya miezi minne ya kikundi kizima. Pesa haikuwepo.

Tangu hapo wakakubaliana: ujumbe wowote wa pesa au wa stakabadhi usomwe kwa sauti mbele ya Rita na Kavinya. Wote wawili wakikubali, mwenye simu abonyeze. Mmoja akikataa, simu irudishwe mfukoni. Na kama kuna kitu cha kushikwa, kishikwe kwanza.

Sheria hiyo imewaokoa mara nyingi, kina mama hao wanasema. Lakini utaratibu wa viza nao ulikuwa unabadilika huku wao wakiulinda mlango mmoja tu.

Mwanzoni haikuwa kazi yake. Everlyne na Muinde waliandika barua ya mwaliko, wakaigongesha muhuri, wakajaza fomu zote kwa niaba yake. Tryphena aliweka sahihi tu. Kabla karatasi hazijafika mbali, zikarudishwa. Utaratibu umebadilika, waliambiwa: wenyeji hawamwombei jamaa yao tena. Kila jamaa afungue akaunti yake, kwa simu yake, kwa barua pepe yake.

"Barua pepe mimi nilikuwa naisikia kwenye redio," asema Tryphena. "Ati sasa niwe nayo."

Alishuka hadi Maungu, akapanda gari la Voi, akafunguliwa akaunti. Baadaye akaitwa Nairobi kutoa alama za vidole, na huko mashine ikamkataa. Msichana wa kwenye meza alimpa kitambaa, akampaka mafuta, akamwambia abonyeze tena. Ikakataa tena. "Shosho, kwani unafanya kazi gani?" akamuuliza.

Tryphena akamkazia macho. Kwake, mtu anayeshika kidole chako huku anakuuliza kazi yako ni wa kutazamwa vizuri. Mashine ilikuja kukubali baada ya kujaribiwa mpaka foleni ikanung'unika. Miaka hamsini ya katani ilikuwa imefuta mistari ya vidole.

Mwezi Februari ukaja ujumbe wa kwanza: ombi limekubaliwa, hakuna stika. Rita akakataa. Kavinya akakataa. Tryphena mwenyewe, ingawa hana kura, anakiri hata yeye angekataa.

"Viza gani haina karatasi?" asema. "Hata kuku akisafirishwa anapewa kikaratasi."

Hapo ndipo alipoingia Sylus.

Sylus ana kibanda karibu na stendi ya Voi na amejazia watu fomu kwa miaka mingi, za shule, za kazi, za kwenda Uarabuni. Tryphena alimwamini kwa kuwa alikuwa na meza, muhuri, na kalenda ya kanisa ukutani. Alipomwonyesha ule ujumbe, Sylus aliwasifu kina mama kwa kuukataa. Ni wa matapeli, alimwambia, viza ya kweli hubandikwa.

Siku chache baadaye simu ya Tryphena ililia kwa namba ngeni. Sauti ya kike, yenye mafua na kilio, ilimwita mama. Ilisema simu yake ya zamani imeanguka majini, na mama ampe Sylus pasipoti haraka kabla nafasi haijaisha. Tryphena aliuza mbuzi, akachukua na fungu lake la chama, akampa Sylus shilingi 38,000 na pasipoti juu yake.

Pasipoti ilirudi na stika inayong'aa. Kina mama waliishika, wakaikwaruza kwa ukucha, wakaiinua juani. Rita akakubali. Kavinya akakubali.

"Siku hiyo sheria yetu ndiyo ilitutapeli," asema Rita. "Tulitaka kitu cha mkononi, tukaletewa cha mkononi."

Jumapili, baada ya kanisa, Tryphena aliionyesha stika kwa Everlyne kupitia simu ya video. Alitarajia vigelegele. Everlyne akauliza nani ameibandika. Alipoambiwa habari ya simu iliyoanguka majini, alisema neno moja tu ambalo mama yake halisahau: "Mama, mimi sijakupigia."

Kama Tryphena angesafiri na stika ile, huenda angezuiwa kwenye uwanja wa ndege na kufungiwa viza kwa miaka. Aliripoti polisi. Ilibidi atafute pasipoti nyingine, kisha namba yake mpya iingizwe kwenye akaunti ileile, kisha angoje. Gazeti hili lilipompata Sylus kwa simu, alisema naye alidanganywa na mtu wa Nairobi, akakata. Kibanda chake kimefungwa tangu wakati huo. Majirani wa stendi wanasema amekwenda kwao. Kwao ni wapi, kila mmoja anataja pake.

Ndiyo maana Alhamisi hii simu imelala katikati ya mkeka na hakuna anayeigusa.

Rita anakubali. Anasema ujumbe umetoka kwa anwani ileile ya Februari, na namba ya pasipoti mpya ni sahihi, herufi kwa herufi. Kavinya anatikisa kichwa. Anauliza kama Sylus naye aliishika pasipoti mpya. Rita anajibu hapana. Basi polisi waliishika, asema Kavinya, na karani aliishika, na kila aliyeishika ana mdomo.

"Mama Eve, usione nakataa kwa roho mbaya," amwambia Tryphena.

"Kukataa nimekuona," ajibu Tryphena. "Roho sijaiona."

Kavinya anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, lakini kura habadilishi.

Rita anashauri wampigie Everlyne. Uso wake unatokea kwenye kioo, umevimba kidogo, mito miwili mgongoni. Anawaambia ujumbe ni wa kweli, nao pia wameletewa wa kwao kama wenyeji. Tryphena anamtazama Kavinya. Kavinya hajamsalimia hata binti.

Sauti walishapewa ya bandia, asema. Na redioni amesikia kwamba siku hizi hata sura hutengenezwa, mtu anakuonyesha mwanao anayecheka kumbe ni mashine. Rita anasema basi wamuulize jambo la nyumbani. Kavinya anakataa hilo pia. Sylus amekula ugali kwenye nyumba hii, majina ya mbuzi wote anayajua.

Kisha ananyoosha mkono kwenye kamba ya nguo, anachomoa nyuzi za katani, anazitupa mbele ya simu.

"Huyo mwambieni asokote."

Kwanza hakuna anayeelewa, isipokuwa Everlyne. Anaangua kicheko huku ameshika tumbo, kisha anamwita mumewe. Ukutani mwao kuna fungu la katani alilopewa na mama yake siku ya kuondoka. Wamelitundika kama pambo. Mkono wa Muinde unaonekana ukilileta.

"Huyo Muinde ni mtu wetu wa Ukambani," anong'ona Kavinya, "lakini mikono yake ni ya kalamu. Yeye asiguse."

Everlyne anajiinua kwenye mito. Anavuta dera hadi juu ya goti, anatema mate kiganjani, anaweka nyuzi pajani. Kiganja cha kushoto. Na badala ya kuusukuma uzi mbele kama wasusi wote wa Rukanga, anauvuta kuja kwake.

Ni Kavinya aliyemfundisha, akiwa na miaka minane, na alimchapa vidole kwa kijiti kwa sababu ya kosa hilohilo. Uzi uliosokotwa kinyume haukubaliani na wa wenzake. Ukiunganishwa nao kwenye kikapu, huachia. Kikundi kizima kilikuwa kikiutambua uzi wa Everlyne na kuutupa. Hakuacha kusokota hivyo mpaka alipoolewa.

Kavinya anaisogelea simu hadi pua yake inakaribia kugusa kioo. Anatazama uzi ukikua, sentimita baada ya sentimita, umekaza vibaya.

"Bado mkaidi," asema mwishowe. Anaketi sawasawa, anajifuta macho kwa pindo la leso na kusema ni moshi, ingawa jiko la Tryphena halijawashwa. "Huyo ni Everlyne. Uzi mbaya kama ule hakuna mwingine anayeusokota hapa duniani."

"Sasa niamini basi, Mama Kavinya," asema Everlyne. "Ujumbe ni wa kweli. Mwambie mama abonyeze, mgongo unaniuma."

Kavinya anamgeukia Rita, anainua kidole. Kura mbili.

Tryphena anabonyeza. Simu haijibu. Anabonyeza tena, kioo kinamtazama tu. Kidole kimekauka na kuwa kigumu, hata simu haikihisi. Anakipeleka mdomoni, anakilowesha kwa mate kama anayeanza uzi mpya, anabonyeza mara ya tatu. Kioo kinabadilika rangi. Rita anasoma: imethibitishwa.

Hakuna anayepiga kigelegele. Watatu hao wanaendelea kuitazama simu kwa muda, kama watu wanaongoja ibadili mawazo.

Siku tatu baadaye, Everlyne na Muinde wanatafuta tiketi ya wiki ijayo. Tarehe yenyewe Tryphena hataki iandikwe gazetini. Hata wa kanisani hajawaambia. Nakala za ule ujumbe amezichapisha Voi, moja itakaa kwenye mkoba, moja ataishonea ndani ya pindo la gauni. Everlyne amemwambia haina kazi, maofisa wataiona wenyewe kwenye kompyuta. Tryphena amesema sawa, na ameshalishona hilo pindo.

Unga wa wimbi ameambiwa huenda ukazuiwa uwanjani. Hilo bado analichunguza.

Anachobeba bila wasiwasi ni kitako cha kikapu alichokianza Ijumaa iliyopita, upana wa kiganja, chenye nyuzi zake zikining'inia. Anataka kukimalizia huko, mtoto akilala. Hiki hatakiuza. Anatumaini siku moja mjukuu atakibeba kuja Rukanga, na kwamba nyanya yake atamwita, si kwa simu, bali kwa jina lake, uso kwa uso. Kwenye ukingo wa kikapu atamwachia Everlyne mzunguko mmoja autie uzi wake mwenyewe, ule wa kinyume. Utaachia, anajua. Atauacha hivyohivyo.

Kavinya anamsindikiza mwandishi hadi kwenye ua wa minyaa, kisha anageuka na kumwita Tryphena aliyebaki mlangoni.

"Mama Eve. Ukifika huko usinitumie picha."

"Nikutumie nini?"

"Nipigie," asema Kavinya, "halafu usokote."