Anayemtaka Leonardi, Avuke Yeye

Mtaa wetu wa Katubuka unapenda watoto, na mapenzi hayo nusura yamuue mtoto wa Winfrida. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ajali ilipotokea kila mtu alitafuta wa kumlaumu, na hakuna aliyetazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imezoea kupiga makofi.

Winfrida ni fundi cherehani. Anashonea barazani kwenye nyumba aliyopanga na mumewe, Feliksi, ambaye kila alfajiri hushuka ziwani, mwalo wa Katonga, kununua samaki aina ya migebuka wa kuja kuuza mjini. Kati ya baraza hiyo na barabara hapatoshi hata kutandika jamvi. Zamani halikuwa tatizo. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na pikipiki zilipita zikiyumba kama walevi. Kisha ikawekwa lami. Tulishangilia sote. Lami ilikuja bila matuta, pikipiki zikajifunza kupaa, na kila aliyeuliza habari ya matuta aliambiwa yamo kwenye mpango. Yangali kwenye mpango.

Ng'ambo ya lami, mkabala na cherehani, anakaa Agnesi, dada mkubwa wa Feliksi. Anauza mawese kwenye meza mbele ya nyumba yake. Ni mwanamke mkarimu, mwenye sauti inayofika sokoni kabla yake. Mtoto wa Winfrida amepewa jina la marehemu baba yao, Leonardi, jina zito kwa mtu asiyejaza ndala ya mama yake. Kwa hiyo kwa Agnesi huyu si mtoto wa mdogo wake tu. Ni baba, na ndivyo anavyomwita.

Leonardi alianza kusimama dede mwezi wa Desemba, akishikilia mguu wa cherehani. Siku alipouachia na kupiga hatua zake za kwanza, Agnesi alimwona kutoka ng'ambo, akapiga kigelegele.

"Baba yangu anatembea! Njoo, baba! Njoo kwa binti yako!"

Vijana wa bodaboda kijiweni wakapiga makofi. Winfrida naye alicheka, akambeba mtoto, akavuka naye, akamkabidhi kwa shangazi yake. Ilikuwa furaha. Lakini kesho yake Agnesi aliita tena, safari hii akiwa ameinua ndizi mbivu. Leonardi akaviacha vitambaa alivyokuwa akichezea, akaelekea barabarani mikono juu, anacheka. Winfrida alimdaka kwenye ukingo wa baraza.

"Wifi, usimwite akiwa huku. Nitamleta mimi."

"Mwache aje mwenyewe, akomae miguu!"

Ukawa mchezo wa mtaa. Mwenye biskuti aliita. Mpita njia aliita. Neno la kwanza ambalo mtoto yule alilielewa sawasawa halikuwa "mama" wala "maji". Lilikuwa "njoo", na kwake lilikuwa na maana moja: ng'ambo ya kile kitu cheusi kuna mikono mizuri.

Cherehani inataka mikono yote miwili na miguu yote miwili. Winfrida akachukua kipande cha kitenge, akamfunga Leonardi kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza ya cherehani. Mtoto alibaki na nafasi ya kuzunguka, kukaa na kuvuruga vitambaa. Hakulia. Waliolia ni watu wazima.

"Fundi, huyo mbuzi bei gani?" aliuliza Bonfils, dereva wa bodaboda, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Agnesi hakucheka. "Winfrida!" alipaza sauti mbele ya wateja. "Umemfunga kamba baba yangu? Mzee aliyetulea sisi, leo umemgeuza mbuzi?"

Jioni Feliksi alirudi akiwa ameshajazwa maneno. "Mfungue, mama Leonardi. Dada amekasirika. Anampenda tu mtoto."

"Na mimi simpendi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi kesho kaa wewe kwenye cherehani, mimi nitakwenda Katonga."

Feliksi akaendelea kula. Kitenge kikafunguliwa, kwa sababu mke anayegombana na wifi juu ya jina la baba mkwe hana wa kumtetea. Nikilifikiria hilo damu inanichemka hadi leo. Mama alikuwa amepata njia, njia isiyomuumiza mtu yeyote, nasi tukamnyang'anya kwa ajili ya heshima ya jina.

Januari mafundi wote wanashona sare za shule. Asubuhi moja Winfrida alikuwa amepiga magoti, anarekebisha pindo la sketi ya msichana mmoja, pini zimejaa midomoni. Leonardi alikuwa nyuma yake. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo.

"Baba! Njoo uone, mawese mapya yanakuja!"

Winfrida aligeuka, akauona mgongo wa mwanawe umeshashuka barazani. Akataka kupiga kelele, lakini mdomo ulikuwa na pini. Akazitema, moja ikamchoma ulimi, akakimbia.

Bonfils alikuwa anakuja mbio, dumu la mawese la Agnesi limefungwa nyuma ya pikipiki yake. Alimwona mtoto katikati ya lami, akakata usukani, akaanguka. Dumu likapasuka. Winfrida alipofika, Leonardi alikuwa amekaa chini, mwekundu kuanzia kifuani hadi miguuni.

Agnesi alipiga yowe lililowatoa watu majumbani.

Mama hakulia. Alimnyanyua mtoto, akamfuta kwa gauni lake, akamtafuta jeraha kichwani, tumboni, magotini. Akamfuta tena. Chini ya wekundu ule ngozi ilikuwa nzima. Yalikuwa mawese. Leonardi akanyonya kidole chake, akaona kitamu.

Watu wakajaa, na papo hapo wakaanza kugawana lawama. Wengine walimkaba ukosi wa shati Bonfils, ambaye goti lake lilikuwa likitoka damu ya kweli. "Mama gani huyu?" akasema mwanamke mmoja. "Yeye anashona, mtoto anatoroka!"

"Hakutoroka," Winfrida alisema. Damu ya ulimi ilikuwa kwenye meno yake. "Aliitwa. Nani alimwita?"



"Mimi nilisikia 'njoo'," akasema Bonfils kutoka pale chini. "Nikadhani naitwa mimi na dumu langu. Nikaongeza mwendo."

Agnesi alikuwa amesimama ukingoni mwa upande wake, mikono kichwani. "Nilikuwa nacheza na baba yangu, jamani. Mungu amesaidia, ni mawese tu."

"Mawese tu?" Winfrida alimgeukia. "Wifi, shikamoo. Nakusalimu kwanza, usije ukasema nimekukosea adabu. Baba yako alizijua barabara. Huyu hazijui. Huyu ana neno moja kichwani, na mmemfundisha ninyi. Nilimfunga, mkaniuliza bei ya mbuzi. Nikamfungua, mkamwita. Sasa sikieni wote, wenye ndizi na wenye biskuti: anayemtaka Leonardi, avuke yeye!"

Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi.

Jioni Feliksi alianza, "Ungeongea na dada polepole..." Winfrida akamwekea mapajani fulana ya mtoto, nyekundu, inanuka mawese. Sentensi iliishia hapo. Kesho yake Feliksi hakwenda Katonga. Alizungushia baraza vipande vya mbao, akaweka kilango chenye komeo. Bonfils, anachechemea, alimshikia misumari.

Agnesi akanuna. Kila asubuhi Winfrida alimwamkia kutoka ng'ambo, naye alijibu "marahaba" kavu, bila neno la ziada. Ndizi haikuinuliwa tena.

Hata alasiri moja Leonardi akasimama nyuma ya mbao zake, akamwona shangazi akimimina mawese kwenye chupa. Akagonga ubao kwa kiganja. Kisha neno lile, ambalo hakuwa amewahi kulitamka, likamtoka.

"Njoo!"

Agnesi aliweka chupa chini, akafuta mikono kwenye kanga. Siku zote wateja ndio humfuata, na njia yake ya kanisani hupita nyuma ya nyumba. Tangu lami ije hakuwa na shughuli ya kuvuka. Alishusha mguu kwenye lami, pikipiki ikampigia honi, akaruka nyuma. Alijaribu tena, fuso likapita na upepo wake ukamvua kilemba. Alipofika kwenye kilango alikuwa anahema, mikono kifuani.

"Jamani, wifi! Hivi vyombo vinakimbia namna hii?"

Winfrida hakuinua kichwa.

"Ndiyo unaviona leo?" akasema, na hakumfungulia komeo hadi alipoumaliza mshono.