Nyakati Ambazo Sikubonyeza

Kompyuta ya mdogo wangu ilijua kwamba nitadhani ninakufa, dakika nne kabla mimi mwenyewe sijajua. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Kiseke, Mwanza, namenya viazi, saa ya kupima mapigo ya moyo iko mkononi. Yeye alikuwa ndani, anatazama mstari wa bluu kwenye skrini.

"Dada," aliniita kwa sauti yake ya kawaida tu, "weka kisu chini."

Nikaweka. Nikabaki natazama maganda yanavyozunguka polepole ndani ya beseni. Kisha kifua kikabana, na hewa yote ya barazani ikawa hainitoshi.

Mambo haya yalianzia Kigongo, kwenye kivuko, mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo. Asubuhi ile ziwa lilifunikwa na ukungu mweupe. Nguzo za daraja lililokuwa likijengwa zilisimama majini bila kubeba kitu, kama mashahidi wanaosubiri kuitwa. Tulipofika katikati moyo wangu ulianza kukimbia, mikono ikafa ganzi, nikawa na hakika kwamba sitafika ng'ambo. Nilifika, lakini sikushuka. Nilirudi na kivuko hichohicho. Hospitali walipima moyo wakaukuta mzima. Daktari akasema ni ugonjwa wa hofu ya ghafla.

Tangu siku hiyo sikuvuka tena kwenda Sengerema kwa mama. Mimi ni karani wa mahakama, kazi yangu ni kuandika maneno ya watu walioapa kusema kweli. Kila Jumapili nilimpigia mama simu nikamwambia kazi zimebana.

Mdogo wangu anasoma hesabu chuoni, na likizo ile alikuja na modeli aliyoitengeneza kwenye kompyuta. "Moyo unadunda kidogo," alinieleza. "Unausikiliza. Ukiusikiliza unaogopa, na ukiogopa unadunda zaidi. Inazunguka hivyo hivyo." Ndani ya modeli kila hatua ilikuwa namba, naye alitaka kujua ni namba ipi iliyozidi kwangu. Saa ingerekodi mapigo, na mimi ningebonyeza kitufe chake kila hofu inapokuja.

Baada ya wiki sita aliniita huku anacheka. Modeli ilikuwa imegundua kwamba nikiwa mbele ya wazee mapigo yanapanda, lakini hofu haiji kabisa.

"Dawa yako ni shikamoo! Tukuzungushe kwa wakwe asubuhi na jioni, umepona."

Sikucheka. "Pale nimepiga magoti mbele ya mama mkwe. Nitabonyezaje saa? Ataona namhesabia muda aondoke."

Aliacha kucheka. "Kwa hiyo hofu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Mara ngapi?"

Nilimletea daftari. Nilikuwa nimeandika zote: siku, saa, nani alikuwepo, nani alikuwa anaongea.

"Karani mzima," alisema, "unaniachia kompyuta inajifunza uongo wiki sita!"

Aliziingiza moja moja, na modeli ikabadilika. Maji yakawa namba ndogo. Namba kubwa ilikuwa kuficha: mstari ulipanda zaidi kila mahali nilipolazimika kuutuliza uso. Akanivusha ziwa ndani ya kompyuta, mara nyingi. Nikinyamaza, mstari unapanda hadi juu. Nikisema, unapanda, kisha unalala taratibu kama wimbi linalofika mchangani.

"Si uganga," alinionya. "Ni hesabu, tena ya mtu mmoja."

Jumamosi tuliamua kuvuka kweli. Kabla ya kuondoka, nilimpigia mama nikamweleza yote. Kwenye simu nilisikia kuku wake tu. "Njooni," alisema.

Kwenye kivuko zile nguzo zilipita pembeni yetu, na niliona kana kwamba ndizo zinazosafiri, sisi tumesimama. Hofu ikaja. Nikasema kwa sauti, "Imekuja."

Mama mmoja aliyekaa na kapu la dagaa akageuka. "Nini imekuja?"

"Hofu."

"Pole, mwanangu. Sogea huku kwa dagaa. Kwa harufu hii, hofu yenyewe itashuka."

Nilicheka, nikasogea. Kabla hatujagusa Busisi, upande wa pili, hofu ilikuwa imepita.

Mama alikuja kutupokea. Alisimama mbali na maji, nyuma ya vibanda, ameshika kamba ya turubai kwa mikono miwili. Nilipopiga magoti kumwamkia, hakuitikia. Aliuliza kwanza:

"Ilikushika katikati, au ulipoanza kuona ng'ambo?"

Mdogo wangu akanitazama. Miaka yote tuliyoishi Mwanza, mama hajavuka kuja kwetu hata mara moja. Sikuwahi kuliandika hilo popote.

"Mama, kumbe na wewe inakushika?" nilimuuliza.

"Marahaba," alisema, akachukua mkoba wangu, akatangulia.